Waya Uliovishwa Sinendet

Ilikuwa mwaka wa tisini na tano. Hapana, si kweli. Tisini na tano ndio mwaka mvua ya mawe ilipochana chai yote ya upande wa Boito ikabaki vijiti, na mwaka kama huo hakuna mtu anayekumbuka kukaribisha mgeni. Ilikuwa tisini na sita, mwezi wa tano, wakati barabara ya kutokea Boito ilipokatwa na maji mara mbili kwa wiki moja, na Kamati ya Mapokezi ikaandika kwenye daftari lake kwamba barabara iko katika hali ya kuridhisha. Iliridhisha kweli. Mheshimiwa alikuwa anakuja kwa ndege.

Mtu aliyekuwa azungumze na ndege hiyo alikuwa Jackton Obonyo, mzaliwa wa Nyakach, aliyepanda milima ya chai mwaka wa sabini na moja na sanduku la bati na jozi moja ya viatu, akakaa. Alifanya kazi kiwandani miaka ishirini na mitatu, mingi kati ya hiyo kwenye chumba cha mashine za kusaga majani, mahali ambapo mtu akikuambia nyumba yako inaungua unamjibu ahsante. Lakini mle ndani Obonyo alijifunza jambo moja ambalo hakuna shule inayofundisha: kuokota sauti ya mtu katikati ya ngurumo, kama unavyookota kijiti kwenye kikapu cha majani mabichi. Wenzake walitoka kiwandani wakiwa viziwi. Yeye alitoka na masikio ya popo, na kifua kibovu ili mambo yalingane.

Ndiyo sababu zahanati ya misheni iliyokuwa juu ya kilima ilimchukua. Bruda mmoja wa Kizungu alikuwa amefunga pale redio ya masafa marefu, ya kuzungumza na ndege, kisha akaenda kwao kwa likizo ya miezi mitatu ambayo hadi leo haijaisha. Aliacha kitabu cha maelekezo cha Kijerumani. Mtu wa kwanza kupewa redio alikuwa kijana msomi mwenye cheti, lakini alipenda sauti yake mwenyewe mno, akamaliza betri ya lori kila siku kabla ya saa sita. Obonyo hakuwa na cheti. Alikuwa na maneno machache tu, na hayo machache alikuwa anayatunza.

Redio hiyo ilikuwa na tabia zake. Kwanza, ilikaanga. Ukiiwasha, unasikia mafuta ya moto na vitumbua vikigeuzwa, na ndani ya vitumbua hivyo, mbali kabisa, kuna mtu anasema hali ya upepo. Pili, haikupenda majirani. Sauti ilipanda mbinguni, ikagonga huko juu kwa Mungu, ikarudi chini mbali sana. Ndege ikiwa imebakisha dakika ishirini kufika Boito, Obonyo haisikii na yenyewe haimsikii. Lakini mtu wa Lokichogio, kule mpakani na Sudan, anamsikia kama wamekaa kwenye benchi moja. Ni kama yule ndugu yetu aliyepata kazi Nairobi: nyumba ya mama yake haioni, lakini ya waziri anaiona.

Mtu huyo wa Lokichogio aliitwa Kipkosgei. Alikaa kwenye kontena la mabati akiongoza ndege za chakula cha msaada, na alikuwa Mkipsigis wa Chebunyo. Ndivyo serikali na riziki zinavyopanga watu: Mkipsigis akapelekwa jangwani, Mjaluo akawekwa kwenye chai ya Wakipsigis, halafu wakapewa redio wasimuliane kwao kukoje. Hawakuwahi kuonana. Kila Jumamosi, wachuuzi wakirudi kutoka mnada wa Siongiroi, Obonyo aliwauliza habari za mama yake Kipkosgei na ng'ombe wake, kisha akazirusha kwa maneno manane au tisa, yeye akiitwa Tango Saba huko hewani.

"Loki, Tango Saba. Mama mzima. Ile nyekundu imezaa ndama jike. Ova."

"Tango Saba, Loki. Chamgei, mzee wangu. Umenipa mshahara. Ova."

Hayo ndiyo yalikuwa maisha yake: saa moja asubuhi, saa sita na saa kumi, kiti kimoja, maiki moja, na waya wa antena wa hatua hamsini uliotandazwa baina ya mikalitusi miwili kando ya uwanja wa ndege. Uwanja ni neno tu. Ilikuwa ni nyasi, tena nyasi nzuri kuliko zote za eneo lile, kwa hiyo ng'ombe walikuwa na habari nao kuliko marubani.

Sasa, siku ya mheshimiwa.

Mwenyekiti wa Kamati ya Mapokezi alikuwa Weldon arap Ruto, mwalimu mkuu mstaafu, mtu mzuri, mwenye suti moja ya kijivu na imani isiyotikisika kwamba hakuna jambo linaloharibika likipewa kamati. Kulikuwa na kamati ya mahema, kamati ya fahali, kamati ya kwaya na kamati ndogo ya mapambo. Mheshimiwa alikuwa aje kuweka jiwe la msingi la wodi ya akina mama kwenye zahanati. Hilo lilikuwa jiwe la tatu. Mawe mawili ya mwanzo yalikuwa yamewekwa na waheshimiwa wengine, na yalikuwa yanaendelea vizuri. Moja lilikuwa limeota kuvu.

Bahati mbaya, Cheptoo hakuwa amesoma ratiba. Cheptoo alikuwa mchumaji chai wa miaka ishirini na mbili, na uchungu wa uzazi ulimshika jana yake mchana, mtoto akiwa amekingama tumboni. Asubuhi ya siku ya mheshimiwa, nesi Rebeccah alimfuata Obonyo kwenye chumba cha redio, aproni yake imelowa.

"Mzee Jackton, niitie ndege ya madaktari. Sasa hivi."

"Ni Cheptoo?"

"Ni yeye. Anatakiwa kupasuliwa, na hapa sina kisu, sina daktari, sina damu. Barabara umeiona. Ikifika jioni yuko hapa, tutazika wawili."

Obonyo aliwasha redio. Ilikaanga. Akabonyeza maiki, akaita mara ya kwanza, ya pili, ya tatu. Kwa kawaida akibonyeza, kuna mshale mdogo unaoinuka. Siku hiyo mshale ulilala kama mlevi. Akapima betri: nzima. Akafungua kiunganishi, akakifuta, akakifunga. Akaita tena. Hata mtu wa Lokichogio, anayesikia hadi ndama akizaliwa Chebunyo, hakujibu.

Alitoka nje kuangalia waya. Akasimama. Akavua kofia, maana mara ya kwanza alidhani kuna msiba.

Waya ulikuwa umevaa. Kutoka mkalitusi hadi mkalitusi ulikuwa umezungushiwa sinendet, ule mmea mbichi wa kutambaa ambao Wakipsigis humvika shingoni mtu aliyeshinda: mkimbiaji aliyerudi na nishani, mtoto aliyefaulu mtihani. Kamati ndogo ya mapambo ilikuwa imefika alfajiri, ikateremsha waya kwa kamba za Obonyo mwenyewe, ikauvalisha kwa upendo hatua zote hamsini, ikaupandisha tena. Mikia ya majani yenye umande ilining'inia hadi kwenye nyasi zilizolowa, mingine ikizunguka vile vikombe vya kaure vinavyozuia umeme usitoroke mtini. Umeme wote wa Obonyo, badala ya kwenda kwa Mungu, ulikuwa unateremka taratibu ardhini kumwagilia nyasi.

"Bwana mwenyekiti!" aliita.

Weldon akaja, ua la utepe kifuani, uso umejaa furaha. "Umeona, omera? Imependeza?"

"Imependeza sana. Nani ameua redio yangu?"

"Kuua namna gani? Tumeipa heshima! Hii waya ndiyo ilileta habari ya mheshimiwa. Watu wote wanapewa heshima, isipokuwa waya? Kamati ilikaa ikaona hiyo si haki."

"Mwenyekiti, waya hautaki heshima. Unataka hewa. Cheptoo yuko ndani anakufa na siwezi kuita ndege. Hebu tuyatoe hayo majani."

Furaha ikamtoka Weldon kidogo kidogo. Alitazama mlango wa zahanati, akatazama sinendet, akatazama saa yake. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mwenyekiti tu.

"Mimi namhurumia huyo mtoto, Mungu anajua. Lakini sinendet ikishavalishwa, hapana vuliwa ovyo. Hiyo ni kama kulaani. Wewe si wa hapa, hii mambo huwezi kuelewa."

"Nimekaa hapa miaka ishirini na mitano."

"Ndiyo, na tunakukaribisha. Ngoja niite wazee wa kamati, tukae dakika thelathini tu..."

Huenda wangekaa kweli. Watu wa pale wamewahi kukaa wiki mbili wakijadili rangi ya lango. Lakini mlango wa zahanati ulifunguka, akatoka Tecla, mama yake Cheptoo, mjane mwembamba mwenye leso mabegani na macho ambayo hayakuwa yamelala. Alikuwa amesikia yote kupitia dirishani. Hakukimbia. Alifika chini ya waya, akainua uso, akautazama kama mtu anayeangalia ng'ombe mnadani.

"Weldon."

"Naam, mama."

"Hii sinendet mmevalisha nani?"

"Waya, mama."

"Imeshinda nani?"

Weldon akanyoosha utepe wa kifuani.

"Nauliza," Tecla akasema, akiwageukia na wanakwaya waliokuwa wanasogea. "Hii waya imekimbia wapi? Ilikuwa namba ngapi? Imerudi na ng'ombe za nani?"

Mwanakwaya mmoja akacheka, akajiziba mdomo kwa kitabu cha nyimbo.

"Mama, ni mapambo..."

"Basi kama ni mapambo, ni majani. Na majani mimi nachuma tangu sijaolewa." Akashika mkia mmoja uliokuwa unaning'inia, akavuta. Utomvu mweupe ukamtiririka mkononi. "Mtoto wangu akishinda leo, mtaniletea hii nimvalishe. Akishindwa, mtaikuta hapa chini, mfunike nayo hiyo jiwe yenu."

Baada ya hapo kamati haikukaa tena. Obonyo alifungua kamba, waya ukashuka, na wanawake wa kwaya wakauchuma hatua zote hamsini kwa mikono miwili, haraka, kama wanavyochuma chai mwisho wa mwezi. Weldon mwenyewe alivua koti la suti ya kijivu, akaufuta waya nalo kutoka mwanzo hadi mwisho. Hilo lazima lisemwe, maana baadaye mengi yalisemwa juu yake na hilo halikusemwa.

Obonyo aliupandisha waya tena, akarudi kitini. Mshale ukainuka.

"Kituo chochote, Tango Saba, nina mgonjwa wa kufa. Ova."

Vitumbua vikageuka mara moja. "Tango Saba, Loki. Nakusikia, mzee. Sema."

Akasema kwa maneno kumi na mawili. Kipkosgei akaondoka hewani, akarudi baada ya dakika nne ambazo Tecla, aliyesimama mlangoni, alizipitisha akisugua utomvu vidoleni. Habari haikuwa nzuri. Ndege ya madaktari ilikuwa Wajir na mgonjwa mwingine. Ingefika Boito saa tisa. Na saa tisa, mwezi wa tano, katika nchi ya chai, kila mtu anajua ni saa ya nani. Ni saa ya mvua ya mawe. Hakuna rubani anayetua kwenye bakuli la barafu.

"Loki, Tango Saba. Kuna ndege nyingine karibu?"

"Iko moja, mzee. Imeshapita Narok, inakuja kwenu. Imembeba mheshimiwa wenu."

Obonyo aliita ndege hiyo moja kwa moja, ingawa alijua. Haikujibu. Ilikuwa karibu mno.

"Loki, nipelekee. Mwambie rubani: akitua, ashushe abiria, achukue mama mmoja hadi Kisumu. Dakika ishirini kwenda, ishirini kurudi. Mheshimiwa atakuwa bado yuko kwenye salamu. Ova."

Akasubiri. Alimsikia Kipkosgei akipeleka ujumbe, na hakusikia jibu, ila nafasi tupu tu ambapo jibu lilikuwa linapita juu ya kichwa chake. Kisha:

"Tango Saba, Loki. Rubani yuko tayari. Lakini anasema ndege imekodiwa na mheshimiwa, kwa hiyo amemwuliza. Mheshimiwa anasema hapana. Anasema hakukodi ambulensi, na kiti kitachafuka."

Rebeccah, aliyekuwa amefika nyuma ya Tecla, akakaa chini sakafuni.

Obonyo alishika maiki. Alikuwa na maneno mengi kifuani, ya Kijaluo, ya Kiswahili na mengine ya kiwandani yasiyo na lugha. Hakuyatumia. Alisema tu, polepole, "Loki, Tango Saba. Sikupata vizuri. Rudia."

Na Kipkosgei, mwana wa Chebunyo, akaelewa. Masafa yale hayakuwa simu. Yalikuwa kisima cha kijiji. Kila kituo kutoka Sudan hadi Mwanza kilikuwa kimefungua redio hapo asubuhi hiyo, marubani, masista, makarani wa chakula, kila mmoja na mafuta yake yakikaanga.

"Tango Saba, Loki anarudia, kwa wote ambao hawakupata vizuri." Alisema kwa heshima kubwa, neno kwa neno, kama anayesoma Injili. "Mama anakufa na uzazi Boito. Ndege ya mheshimiwa inakwenda Boito, ina viti vitano. Mheshimiwa anasema hapana. Sababu: kiti kitachafuka. Nauliza rubani anitajie jina kamili la mheshimiwa, niliandike kwenye kitabu cha kituo. Ova."

Kisha sauti ya mwanamke, nyembamba, kutoka ndani kabisa ya mafuta: "Loki, hapa ni Sista, Marsabit. Tumesikia. Tutamwombea mheshimiwa. Naomba na sisi jina, tulitaje kwenye misa."

"Loki, hapa Mwanza. Jina, tafadhali, na herufi zake."

"Loki, Bunia. Sisi tuna nailoni ya kufunika kiti."

Zilipita labda sekunde hamsini. Halafu Kipkosgei akarudi, na safari hii Obonyo angeweza kuapa kwamba jamaa alikuwa anajibana mbavu.

"Tango Saba, Loki. Rubani anasema kulikuwa na kutoelewana. Mheshimiwa mwenyewe ndiye anayesisitiza mama achukuliwe. Anasema ni wazo lake. Andaeni mgonjwa. Na toa ng'ombe uwanjani, mzee. Ova."

Ndege ilitua saa nne na nusu. Mheshimiwa alishuka akipunga mkono, akatangaza kabla hata ya kusalimia kwamba moyo wake haukumruhusu kuacha mama wa Kikenya ateseke. Wakati anapigiwa makofi, Cheptoo alipitishwa nyuma yake kwa kitanda cha zahanati, Tecla akishika kichwa na Rebeccah akishika chupa ya maji ya mshipa. Mheshimiwa akavishwa sinendet. Iliyokuwapo ilikuwa ni ile iliyovuliwa kwenye waya, imekanyagwa kidogo, lakini kamati ndogo ya mapambo iliipangusa. Hakujulishwa.

Alihutubu kwa muda wa saa tatu na robo. Ndege ilirudi mapema, ikamsubiri; yeye akasubiri makofi; na saa tisa mvua ya mawe, ambayo haina kamati, ikaja kwa wakati wake. Uwanja ukawa mweupe. Jioni hiyo mheshimiwa aliteremka hadi Litein juu ya tela la kubebea chai linalovutwa na trekta, amekaa kwenye magunia, na wote walioona wanakubali kwamba alikuwa na adabu sana.

Cheptoo alipasuliwa Kisumu adhuhuri ile. Alizaa msichana, wakaishi wote wawili. Siku ya kumi na mbili alirudi kwa miguu yake kutoka barabara kuu, mtoto mgongoni kwa bibi yake, na Weldon arap Ruto alikwenda kuwapokea na sinendet mbichi mikononi, bila kamati.

Lakini hadithi ya Obonyo haikuishia hapo, kwa sababu Kenya ina ofisi. Mwezi wa saba ilikuja barua yenye mhuri, nakala kwa misheni, nakala kwa mkuu wa wilaya. Ilimtaka ndugu Jackton Obonyo aeleze kwa maandishi, katika nakala tatu, ni kwa idhini gani aliomba ndege iliyokodiwa kwa shughuli rasmi, na kwa nini hakutafuta ruhusa kwanza kupitia njia zinazokubalika. Hadi ajibu naye ajibiwe, maiki asiiguse.

Celine, mkewe, alimwambia aandike pole yaishe. "Jackton, hao ni watu wakubwa. Andika tu nimekosa, ule ugali wako."

"Nitaandika," akasema.

Alikaa siku mbili na kalamu. Hakuwa amezoea kuandika kirefu. Shule aliachia darasa la sita. Mwishowe aliandika mstari mmoja, akaunakili mara tatu kwa mkono kwa sababu taipureta ya misheni haikuwa na herufi ya a, akaupeleka posta ya Litein mwenyewe. Alirudi akakaa kwenye kiti chake mbele ya redio iliyozimwa, akingoja. Akangoja hadi mvua za vuli. Misheni ikachoka kungoja, ikampa maiki tena bila barua. Miaka ikapita, akastaafu, na kila alipofika posta aliuliza, na kila mara karani alitikisa kichwa. Alichokuwa ameuliza ni hiki tu: ruhusa hiyo ningeiomba kwa njia gani, wakati njia yenyewe mlikuwa mmeivalisha majani?